Siku Tano za Kuitafuta Lilinga: Kutoka Dodoma hadi Mabaki ya Ngome ya Kalenga

Siku ya kwanza, Jumatano: Dodoma hadi Iringa

Safari hii ilianzia kwenye swali ambalo mjomba wangu aliniuliza jioni moja mwishoni mwa mwezi wa sita, tulipokuwa tukipita kwa miguu karibu na majengo ya Bunge. "Mjomba," aliniambia, kwa kuwa sisi wawili huitana hivyo hivyo tangu nilipokuwa mtoto, "Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu alikuwa mjukuu wa nani?" Nilijua jibu, maana yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha: Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekalia kiti hicho kuanzia mwaka 1962 hadi 1973, kisha tena kuanzia 1975 hadi 1994, alikuwa mjukuu wa Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Akanyamaza kidogo, halafu akakiri jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha historia hakuwahi hata siku moja kufika Kalenga, mji wa ngome wa Mkwawa karibu na Iringa. Wiki tatu baadaye tulikuwa Stendi Kuu ya Nanenane saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukiwa na begi moja kila mtu na sweta mbili mbili, kwa sababu mwezi wa saba huko Iringa hauna mchezo.

Barabara ya kwenda Iringa yote ni lami siku hizi, nayo ina urefu wa takriban kilomita 260. Kuanzia Mlowa hadi Fufu na Chipogolo nchi ni ile tunayoifahamu sisi watu wa Dodoma, yenye mibuyu, vichaka vya miiba, mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa na mbuzi wanaovuka barabara kwa wakati wao wenyewe. Gari lilipata pancha kabla ya Chipogolo tukapoteza karibu saa nzima, ila hakuna aliyenung'unika sana.

Mtera ndipo mjomba alipofunga kitabu chake. Barabara inapita juu ya tuta lenyewe la bwawa, na dereva hupunguza mwendo, kwa hiyo mtu hupata muda wa kutazama upande mmoja maji mapana yanayometameta mpaka kwenye vilima, na upande wa pili bonde la mawe ambamo Ruaha Mkuu huendelea na safari yake. Mashine za hapo huzalisha megawati 80, na maji yakishatoka hapo huenda kuzungusha mashine nyingine kule Kidatu. Ng'ambo ya bwawa, upande wa Migoli, akina mama walisogea madirishani na sinia za perege waliokaangwa na kambale waliobanikwa. Tulinunua perege wanne tukala palepale kwa mikono, na mjomba akanieleza jambo ambalo lilinikaa akilini kwa siku zote zilizofuata: maji yanayopita chini ya ngome ya Kalenga ni ya Ruaha Mdogo, na Ruaha Mdogo humwaga maji yake katika Ruaha Mkuu kabla ya bwawa hili. "Samaki huyu," alisema, "amekunywa maji ya kwa Mkwawa."

Baada ya Migoli gari lilianza kupanda mlima Nyang'oro, kona juu ya kona, na hewa ikabadilika kabla hatujafika juu. Tulipopita tambarare za Isimani abiria walikuwa wamekwisha kufunga madirisha. Tulishuka Iringa saa saba na nusu mchana, tukapata chumba katika nyumba ya wageni iliyo jirani na soko, tukalala mapema chini ya mablanketi mawili.

Siku ya pili, Alhamisi: Kalenga

Kalenga iko magharibi ya mji, mwendo wa kilomita kama 15, kando ya barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tulipanda daladala pamoja na magunia ya viazi na kuku wawili. Mzee aliyekaa jirani na mjomba alimsalimu, "Kamwene," na mjomba akaitika kwa Kihehe, kisha akamrudishia salamu ya kwetu, "Mbukwa," jambo lililomfurahisha mzee yule mpaka akaanza kutuita watani na kutuuliza kama Dodoma bado kuna njaa. Alitushusha yeye mwenyewe, akatuonyesha kwa kidole njia ya makumbusho, kisha akaendelea na safari yake.

Ni lazima niseme wazi kile ambacho macho yaliona kwanza, kwa kuwa wageni wengi huondoka Kalenga wamevunjika moyo bure. Anayekuja akitarajia minara na malango kama yale ya picha za ngome za Ulaya, au hata kuta ndefu kama zile za Kilwa Kisiwani, hataona kitu. Ataona kijiji cha wakulima chenye nyumba za matofali ya kuchoma na mapaa ya bati, migomba, mashamba ya mahindi yanayosubiri kuvunwa, na mto wenye majani mengi kingoni unaopita taratibu. Ngome ipo, lakini imelala chini, na mtu hana budi kuinama.

Kijana anayeongoza wageni alitupeleka mpaka mahali ambapo ukuta umebaki. Ulikuwa tuta refu lililofunikwa na nyasi kavu, ambalo ningelipita nikidhani ni mpaka wa shamba. Aliziachanisha nyasi kwa fimbo, na hapo tukaona mawe, si ya kuchongwa, mawe ya kawaida ya nchi ile, mengine makubwa kama kichwa cha ng'ombe na mengine madogo ya kujazia, yamepangwa yakashikana kwa udongo mwekundu ambao umegeuka kuwa mgumu kama tofali. Nilipiga magoti nikaweka kiganja. Upande uliopigwa na jua ulikuwa wa vuguvugu, na upande wa kivuli bado ulikuwa na ubaridi wa usiku. Kati ya mawe mawili kulikuwa na alama za vidole, au kitu kilichofanana na alama za vidole, mahali ambapo mtu alikuwa ameshindilia udongo ndani ya ufa. Sijui kama ni za mjenzi wa zamani au za mtoto wa juzi aliyekuwa akicheza, lakini nilikaa nazo kwa muda.

Mkwawa, ambaye jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, alirithi kazi kubwa ya baba yake Munyigumba, aliyeziunganisha koo nyingi za nyanda hizi kuwa dola moja na kufariki mwaka 1879. Katika miaka ya 1880 mtoto alianza kuuzungushia mji wake mkuu ukuta wa mawe, mrefu kuliko kimo cha mtu, na ndani yake kulikuwa na nyumba za tembe, yaani zenye paa bapa la miti na udongo, kama zile ambazo sisi Wagogo tumezijenga vizazi na vizazi. Mji wa namna hiyo Wahehe huuita lilinga, maana yake ngome, na kutokana na neno hilo ndipo likapatikana jina Iringa. Kwa hiyo mtu anayesema leo anakwenda Iringa, iwe kwa biashara ya viazi au kwa masomo ya chuo, anasema bila kujua kwamba anakwenda ngomeni, nayo ngome yenyewe ni hii iliyolala kando ya mto.

Mjomba alitaka tusimame juu ya tuta tuelekee mashariki, ndipo anieleze habari za vita kwa mpangilio wake wa darasani. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, jeshi la Mkwawa liliuvizia msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, likamwua yeye pamoja na sehemu kubwa ya askari wake kwa muda mfupi sana, wengi wao kwa mikuki. Wajerumani hawakusahau. Miaka mitatu baadaye Gavana Friedrich von Schele alifika hapa na mizinga, na baada ya kuupiga mji, askari wake waliingia ndani tarehe 30 Oktoba 1894, wakipigana nyumba kwa nyumba. Miongoni mwa maofisa walioshiriki alikuwamo Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani. Waliteka baruti nyingi, pembe za ndovu, na silaha ambazo Zelewski alikuwa amenyang'anywa. Mkwawa hawakumpata.

Nilimwuliza kijana wetu mawe mengine yote yamekwenda wapi. Alijibu bila kusita kwamba ukuta uliokwisha kubomoka ni mawe tu kwa mtu anayejenga nyumba, na kwamba nyumba inayojengwa hapa huwa na msingi. Sikumlaumu yeyote aliyefanya hivyo, kwa maana mji uliochomwa huanza tena kwa vitu vilivyo karibu, na watu wa Kalenga walibaki hapa wakati wenye nguvu walipokuwa wamehamisha makao makuu. Hata hivyo moyo wangu uliniuma nilipoona njia ya pikipiki imekatiza tuta katikati na kuendelea kulila kila msimu wa mvua. Nguzo chache za mbao na kibao kimoja chenye ramani ya mzunguko wa ukuta vingemsaidia mgeni kuona umbo la mji mzima, na vingemsaidia mwenye pikipiki kujua anapita juu ya nini.

Makumbusho yenyewe ni jengo dogo. Ndani kuna mikuki na ngao, na katikati, ndani ya kioo, kuna fuvu la Mkwawa. Sikujua nisimame vipi mbele yake. Mjomba alivua kofia, akakaa kimya, halafu akaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani. Alinikumbusha kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza fuvu hili liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Kwamba miezi sita ile ikawa zaidi ya miaka thelathini. Na kwamba Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelifuata katika makumbusho ya Bremen, mahali palipokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, likachaguliwa kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa ukoo. Lilirudishwa hapa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 na kukabidhiwa Chifu Adam Sapi. Kilichonigusa zaidi ni ile hesabu ya mafuvu 2,000. Kila moja lilikuwa la mtu mwenye ukoo wake, na kwa wengi wao hakuna mkataba uliowataja.

Kabla ya kuondoka tulishuka mtoni. Ruaha Mdogo hapo si mpana sana, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na wanawake wawili walikuwa wakifua nguo juu ya jiwe bapa huku watoto wao wakivua kwa nyavu za chandarua. Ukikaa chini ukingoni unaelewa kwa nini mji ulijengwa hapa. Kuna maji mwaka mzima, ardhi tifutifu ya kulima, na bonde lililo wazi ambamo adui haji bila kuonekana. Mtu wa Dodoma, aliyezoea mito ya mchanga inayopata maji mara chache kwa mwaka, halitazami jambo hilo kwa wepesi. Tuliwaamkia akina mama, tukanawa uso, tukarudi barabarani.

Siku ya tatu, Ijumaa: Tosamaganga na mjini

Katika Kihehe maganga ni mawe. Iringa mjini kuna jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, yaani jiwe linaloongea, na juu ya kilima kilicho karibu na Kalenga kuna misheni iitwayo Tosamaganga, jina ambalo maana yake ni kutupa mawe. Wenyeji husimulia kwamba jina hilo linatokana na makombora ya Wajerumani yaliyorushwa kutoka huko juu kuelekea ngomeni. Tulikodi bajaji asubuhi, tukapanda, na tulipofika kwenye kanisa la zamani na miti yake mirefu tukageuka nyuma kutazama bonde. Chini kule mji wa Mkwawa ungekuwa wazi kama sahani mezani. Ukuta ule ulijengwa kwa ajili ya vita vya mikuki na bunduki, na mzinga huruka juu ya ukuta bila kuuomba ruhusa.

Mchana tulipanda Gangilonga, ambako watu husimulia kwamba Mkwawa alikuwa akienda kutafakari, kisha tukaingia Makumbusho ya Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1914 lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Mji huu wa sasa Wajerumani waliuanzisha mwaka 1896, wakaubebesha jina la ngome waliyoibomoa. Mjomba alisema kwamba katika siasa za utawala hiyo ni akili ya zamani sana: unavunja kiti cha mwenyeji, kisha unachonga chako na kukiita kwa jina lilelile. Walifanya hivyo hata kwa watu. Walimtawaza Mpangile, nduguye Mkwawa, na haukupita muda, mwaka 1897, wakamnyonga.

Lugalo hatukufika, kwa kuwa iko upande wa barabara ya Morogoro na jua lilikuwa limetuishia. Jina lake lakini tunalo kila siku, kwenye kambi ya jeshi na hospitali ya Dar es Salaam.

Siku ya nne, Jumamosi: Mlambalasi

Dereva wa Noah aliyekubali kutupeleka na kuturudisha alidai bei ambayo mjomba aliipunguza kwa nusu saa nzima ya maneno mazuri. Mlambalasi ni mwendo wa kama kilomita 50 kutoka Iringa, kwa barabara ya hifadhini, kisha unaacha njia kuu. Nchi hushuka, joto hurudi, na mibuyu huanza kuonekana tena, hata nikajihisi niko karibu na nyumbani.

Hapa ndipo Mkwawa alipoishia. Alikuwa ameyakimbia majeshi kwa karibu miaka minne, akilindwa na watu waliokataa kumtaja ingawa kichwa chake kilikuwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, na tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezungukwa, alijipiga risasi. Askari waliofika waliukata ule mwili kichwa. Ndiyo maana kaburi la hapa lina kiwiliwili, na kichwa kiko Kalenga kwenye kioo. Nilikuwa nimeyasoma hayo tangu darasa la tano, lakini kuyatembelea kwa siku mbili tofauti, kwa magari tofauti, na kwenda umbali wote ule kati ya sehemu mbili za mtu mmoja, ni jambo ambalo kitabu hakikunipa.

Mlinzi wa eneo, mzee mpole aliyevaa koti zito juani, alitupandisha mpaka kwenye mwamba wenye kivuli ulio juu ya kaburi. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba hapo na kukuta mabaki ya watu wa Zama za Mawe pamoja na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Mjomba aliketi chini ya mwamba ule akifuta jasho. "Shikamoo yake huyu," alisema, akimaanisha yule wa zama zile, "maana alijificha hapa kabla yetu sote." Mlinzi akacheka, kisha akatuonyesha jinsi mtu aliyekaa mahali pale anavyoliona bonde lote bila yeye kuonekana. Ilikuwa ni ngome nyingine, ambayo hakuna aliyeijenga.

Nilimwuliza mlinzi kama watu wa ukoo huzungumzia kuviweka pamoja kichwa na mwili. Aliniangalia kwa muda, akasema kwamba mambo hayo yana wenyewe, na sisi tuliomba radhi kwa swali lile. Tulimwachia sukari na majani ya chai ambayo tulikuwa tumebeba kwa ajili hiyo.

Siku ya tano, Jumapili: kurudi

Basi la kurudi lilijaa watu wenye ndoo za parachichi na mifuko ya viazi. Mjomba alilala kuanzia Nduli hadi Nyang'oro, nami nikaandika haya magotini. Tulipofika kwenye tuta la Mtera aliamka mwenyewe bila ya kuamshwa, akafungua dirisha, akatazama upande wa magharibi unakotoka mto mpaka tulipomaliza kuvuka. Kisha akaniomba daftari langu, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni majina mawili ya safari ijayo: Lugalo, na Rungemba, mahali alipozikwa Munyigumba, aliyeanza yote haya kabla ya ukuta wowote kujengwa. Pembeni ya Rungemba aliandika: "Mwezi wa kumi, kabla ya mvua." Tuliingia Nanenane saa kumi jioni, vumbi likiwa limetanda na joto la kwetu likitungoja, tukavua sweta.